Feni ya Hita na Zeze la Baba

Vumbi linaloungua lina harufu yake. Si ya moshi wala ya jikoni. Ni kavu, inakwaruza koo, na ndani yake kuna mpira ulioanza kushika moto. Mwezi wa saba mwaka huu harufu hiyo ilinijia ndani ya gari langu kuukuu. Nilikuwa kwenye usukani, fundi ananitengenezea feni ya hita, maana asubuhi za Dodoma wakati wa kipupwe mnazijua zilivyo. Machozi yakanitoka. Kijana wa watu akadhani ni harufu, akaniomba radhi.

Enzi za Mwingereza, baba yangu, Ndahani, alikuwa dereva wa mzungu mmoja msimamizi wa barabara, ambaye watu walimwita Bwana Mrefu. Sisi tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Baba alijivunia mambo mawili. La kwanza ni zeze. Akilishika, vidole vya mkono wa kushoto vilikimbia juu ya nyuzi, na hata wanawake walionuniana wiki nzima walijikuta wanacheza pamoja. Bwana Mrefu mwenyewe akipata wageni alimwita barazani awapigie. La pili, hakuna gari lililowahi kumuumiza. Kabla hajaingiza mkono popote alichomoa ufunguo akaubana kwenye meno. Sisi watoto tulimchokoza makusudi wakati huo, kwa sababu hakuweza kutujibu; aliguna tu kama mtu aliyetafuna pilipili.

Asubuhi moja ya baridi kali Bwana Mrefu alitakiwa kwenda Kongwa, na feni ya hita ikagoma. Mimi nilikuwa bombani pale uani, nakinga maji. Baba akatazama fyuzi, nzima. Akafuata nyaya, nzima. Akategesha sikio: feni inanguruma lakini haizunguki, na ile harufu imeanza. Akasema kuna kitu kimeibana, pengine panya wamejenga. Akafungua kifuniko chake. Bwana Mrefu, ndiye aliyekuwa akimwashia baba asikilize, alikuwa kwenye usukani na koti lake, anapulizia viganja. Baba akamwomba ufunguo.

"Wa nini?"

"Niushike mwenyewe, Bwana, nikiwa na mkono ndani."

Bwana Mrefu akaufunika ufunguo kwa kiganja.

"Gari ni la nani, Ndahani?"

"Lako, Bwana."

"Basi na ufunguo ni wangu."

Akazima. Baba akalala kifudifudi upande wa abiria, akapitisha mkono wa kushoto chini ya dashibodi, akaanza kutoa majani makavu na manyoya, anayatupa nje kwa mkono wa pili. Mimi nilikuwa natazama kama vitatoka na vitoto vya panya. Mara nikaona mkono wa Bwana Mrefu umeuzungusha ufunguo. Feni ikavuma, na baba akalia kilio ambacho sikujua kwamba mtu mzima anaweza kukilia.

"Inafanya kazi," alisema Bwana Mrefu, kisha ndipo akazima.

Baadaye alimwambia mama kwamba alidhani baba amemaliza. Hospitali walishona vidole viwili, vikapona vimekakamaa kama vijiti, havikukunjika tena.

Kidonda kilipokauka wageni wakaja, na Bwana Mrefu akaagiza zeze kama kawaida. Mama alimsihi baba akatae. Baba akamuuliza watoto watakula nini, akaenda. Alipiga, jamani, sijui niseme alipiga nini. Nyuzi zililia ovyo, jasho likamtiririka katika baridi ile, na bibi mmoja wa kizungu akaficha kicheko kwenye leso. Bwana Mrefu peke yake alipiga makofi, taratibu, mpaka baba alipotoka kurudi uani.

Nilimpenda mzungu yule kwa makofi yale. Kwa miaka mingi nilimtetea mbele ya mama, aliyetema mate kila akisikia jina lake. Nilimwambia ilikuwa bahati mbaya tu. Mtu mbaya angempigiaje makofi baba aliyeharibu wimbo? Baba alilitundika zeze ukutani likaliwa na mchwa.

Sasa mwaka huu fundi wangu naye akalala kifudifudi upande wa abiria, akaingiza mkono. Akasema, "Usiwashe kwanza, mama." Kiwiko chake kikaniegemea gotini. Kila alipovuta kitu huko ndani nilikihisi kwenye mfupa wangu, na nilipoinamisha macho niliuona mkono wote, mpaka saa aliyovaa. Nikachomoa ufunguo nikautia kwenye kiganja chake kingine. Akacheka, akaniambia nina woga.

Kwenye kiti kile huwezi kudhani mtu amemaliza. Bwana Mrefu alikuwa na kiwiko cha baba gotini pake. Na yale makofi ya barazani hakumpigia baba. Aliipigia kazi ya mkono wake mwenyewe.