Kaa Wawili na Figili Moja

Kwa miaka ishirini na sita Tomozo alichonga vikinga-mkono vya panga, yale mabamba ya duara yakaayo kati ya mpini na makali, na kwenye kila kimoja akakata jina la mtu mwingine. Ndivyo karakana za mji wa Hagi, Japani, zilivyokuwa: mkono wa mwanafunzi, jina la fundi mkuu. Mabwana wakipita njiani, Tomozo aliwatazama viunoni, akaitambua kazi yake, akarudi kwenye tindo.

Asubuhi ile jina lilikuwa lake. Mzee Kawaji, fundi wake, aliwaangalia kaa wawili aliowachonga Tomozo kwenye kikinga-mkono cha shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, akaguna, akamsukumia tindo.

"Haya, kata lako. Lakini ukiichemsha na weusi ukatoka na mabaka, tupa hii italamba rangi na jina pamoja."

Sasa jina lilikuwa limekatwa kando ya tundu la upanga, na maji ya mrututu, yatiayo shaba weusi, yalichemka. Shaba ilikwisha kusuguliwa kwa majivu, haijaguswa na kidole. Ilibaki kupakwa figili mbichi iliyokunwa. Bila hiyo, hutoka majini na madoa.

"Osen! Figili!"

Mke wa Tomozo alitokea na chumvi hadi viwikoni. "Zote nimezitia kwenye pipa la achari, baba."

"Zote?"

"Si wewe uliyelalamika mwaka jana achari iliisha mapema?"

Kawaji alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote hiyo unalingoja jina, halafu tumbo lako mwenyewe linalimeza!"

Shaba tupu haivumilii hewa. Tomozo alitoka mbio pekupeku hadi kwa jirani, Bi Otaki, akamkuta kisu mkononi na kipande cha figili juu ya ubao.

"Nipe hicho!"

"We! Hiki cha supu ya mkwe wangu."

"Mkweo nitamchongea kaa!"

"Mkwe wangu hali shaba, Tomozo." Lakini alimtupia.

Osen alikuna kama mwenye kupandisha mashetani. Tomozo akapaka, akafunga waya, akazamisha. Kwanza shaba ilikuwa kahawia, kama jani lililokufa. Kisha zambarau chafu. Kawaji aliacha kucheka. Tomozo aligeuza waya, akageuza tena, na ghafla weusi ukaja, ukapanda kutoka miguu ya kaa hadi ukingoni, mzito, wenye buluu ndani yake, kama bawa la kunguru aliyelowa mvua. Hakuna baka. Hata moja!

"Kaa wa kushoto mnene mno," alisema Kawaji, akaiweka tupa rafuni.

Bi Otaki alikuwa ameshafika mlangoni, akihema. "Nioneshe kilichokula figili yangu. Hapa pameandikwa nini?"

"Soma, mama."

"Nitasomaje, na sijui hata herufi moja? Nisomee wewe."

Tomozo alimtazama mwalimu wake. Mzee alikuwa akichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Basi akakiinua kikinga-mkono kwenye mwanga, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza akalisoma jina lake kwa sauti.