Hakusema Mzee Alilala

"Kwani ungepungukiwa nini kama ungesema tu mzee alilala?"

Jirani alimuuliza hivyo wakiwa wanaanika nguo. Mama Pole akaendelea kukamua shuka la mumewe.

Jina hilo alipewa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maana alikuwa akikiambia pole hata kitanda alichokigonga kwa ndoo. Aliogesha, alilisha, na mtu akifariki alimwosha uso na kumnyoosha kabla ndugu hawajaingia. Tena palikuwa na desturi pale: aliyemnyoosha marehemu ndiye anayetoka kuwapasha ndugu habari. Ndugu, wahudumu walisema, humwamini mwenye mikono iliyolowa.

Alasiri ile aliyoulizia jirani, aliingia zamu akamkuta mzee mmoja, aliyekuwa fundi saa, ameshakata roho, mikono imefungwa kitandani kwa vitambaa. Mhudumu aliyekuwa akitoka zamu alimnong'oneza: mzee alikuwa akishuka kutafuta maji, akafungwa asianguke, akaita weee mpaka sauti ikakauka. Watu wachache, kazi nyingi, hakuna aliyekwenda.

Mama Pole alifungua vile vitambaa, akamwosha mzee uso, akamnyoosha. Alama zilibaki.

Msimamizi akaja, akavuta mikono ya shati la marehemu ikazifunika. "Binti yake yuko nje. Mwambie alilala, akapitiliza."

"Hakulala, bosi."

"Mama Pole, usitukatie riziki."

"Basi nenda wewe."

"Aliyemnyoosha ni wewe. Na mumeo hajainuka tangu apate kiharusi. Ukikosa kazi, dawa atapewa na nani, malaika?"

Maneno hayo yalimkata maini. Aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini tangu utoto aliamini kwamba uongo unaosemwa juu ya maiti humfikia Mungu kabla ya dua ya mazishi. Akajifuta mikono, akatoka.

Binti alikuwa amepakata mfuko wa machungwa. Mama Pole akachuchumaa mbele yake, akamweleza pole pole: baba yako amefariki, mwanangu. Alifungwa mikono. Aliomba maji, hakupewa.

Machungwa yakaanguka, hakuna aliyeyaokota. Binti hakushukuru. Alimtazama, macho makavu.

"Ungeninyamazia, mama," alisema. "Sasa mimi nitalalaje?"

Mama Pole alitegemea hasira, au kilio. Hilo hakulitegemea. Alimshika bega, binti akautoa mkono ule taratibu, kama mtu anayeondoa mdudu.

Ndani, msimamizi alimfungua aproni kwa mikono yake, mbele ya wenzake walioinamisha vichwa.

"Haya, mtakatifu, njia ile pale. Au una lingine?"

"Naomba yule bibi wa kitanda cha mlangoni anyweshwe maji," alisema Mama Pole. "Amefungwa, hakifikii kikombe."