Boksi la Bomba Nyuma ya Mgongo Wangu

Nina miaka sita nauza katika duka la dawa Chake Chake, na tangu siku ya kwanza tajiri wangu alinipa amri moja: mateja, wale wanaojidunga dawa za kulevya, wasiuziwe bomba za sindano. Mfugaji akitoka Pujini akitaka bomba kumi za kuchanjia kuku, tunamfungia na kumuuliza hali ya nyumbani. Akija kijana mwembamba, kavaa shati la mikono mirefu na jua lote lile, tunasema zimekwisha.

Nami nilisema zimekwisha, hata kwa mdogo wangu, tumbo moja.

Alikuja asubuhi, wateja wawili wamesimama. "Dada, nipe moja tu."

Niliona haya. "Zimekwisha," nikasema, na boksi zima liko nyuma ya mgongo wangu. Aliliona.

"Haya," akasema. "Tutatumia ile ile."

Sikuuliza ile ile ipi. Walikuwa wanne, wakijidunga unga katika banda bovu nyuma ya soko, bomba moja ikipita mkono kwa mkono, ikisuuzwa kwa maji ya chupa.

Mwaka uliofuata alikonda, akawa na kikohozi kisichokwisha. Nikampeleka hospitali, akapimwa, tukaambiwa ana virusi vya ukimwi. Akapewa dawa.

Nyumbani mama akamtengea sahani yake, kikombe chake, mpaka ndoo yake ya kuogea.

"Mama, maradhi haya hayaambukizi kwa sahani."

"Wewe muuza duka, tangu lini umekuwa daktari?"

Ami yetu akaleta watu wakamsomea dua, jambo jema. Lakini niliposema wale wenzake watatu nao waambiwe wakapime, na mmoja wao mkewe ana mimba, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Kisha ami akasema, "Tusijitangazie aibu." Sahani inatisha, bomba haitajwi!

Nikamwendea tajiri. "Mzee, tuwauzie hawa vijana."

"Niwasaidie kufanya haramu?"

"Tusipowauzia, wanaacha?"

"Hilo lao na Mola wao." Akachukua kofia yake, akaenda kusali adhuhuri.

Akiwa msikitini, nikamwita mdogo wangu kwa simu, nikampa boksi. Nikamwambia kila mtu na yake, na wote wakapime. Nilifanya hivyo wiki nyingi kabla tajiri hajaambiwa na jirani. Alifoka, akasema namharibia jina la duka lake. Nikamjibu, "Basi nifukuze." Hajanifukuza. Wala hajaniruhusu. Siku hizi akiona vijana wale wamesogea mlangoni, anakumbuka ana shughuli pahala.

Mdogo wangu anameza vidonge vyake kila siku, kikohozi kimekwisha, na unga hajauacha. Nimegombana naye mpaka sauti imenikauka. Yule mwenye mke alikwenda kupima, ana virusi. Mkewe hana, alhamdulillahi, ingawa wakwe wanamnunia yeye kana kwamba ndiye aliyeleta balaa. Wa pili amepima, mzima. Wa tatu bado. Kila nikimkumbusha ananiambia, "Inshaallah Jumatatu, dada," na Jumatatu ikifika namkuta sokoni, ananipungia mkono.