Nilivaa masweta matatu ili nikubalike kwa kina Moraa

Wakuu, chamgei, hamjambo. Kaeni vizuri niwaambie yaliyonipata Kimulot, kwa kina Moraa. Chumvi sijaongeza. Nilichoongeza ni masweta tu.

Mimi ni wa Boito, mrefu na mwembamba kama nguzo ya stima. Kwetu hiyo ni sifa. Mama huniita mwanariadha, ingawa mimi hukimbia tu nikifukuzwa na mbwa.

Shida ilianza nilipompenda Moraa. Wazazi wake walitoka milima ya magharibi wakaja kuchuma majani ya chai kwa estate, baadaye wakanunua shamba. Kwao mwanamume ni kifua na shingo.

Shangazi yake alipoona picha yangu aliuliza, "Huyu amepona, ama bado anameza dawa?"

Na kwa boma lao, shangazi akikataa, harusi hakuna.

Hebu tuelewane polepole. Hakuna aliyekosea. Wazee wetu walitembea mbali na ng'ombe, mguu mrefu ukapendwa. Wazee wa kina Moraa walilima miteremko kwa jembe, mgongo mpana ukapendwa. Kila mtu huona uzuri kwa mwili uliomlisha babu yake.

Haya yote niliyajua. Bado, siku ya kwenda kwao kujitambulisha, nikavaa masweta matatu, suruali mbili, na suti ya binamu yangu juu.

Nilifika nikiwa na mwili wa chifu. Shangazi akanizunguka mara mbili. "Kumbe picha hudanganya!"

Lakini ilikuwa siku ya kuchuma majani, na lori la kiwanda lilikuwa linakuja mapema kuyachukua pale buying centre. Majani hayangoji mgeni. Baba Moraa akanipa kikapu: "Kijana, tusaidie kidogo, halafu tuongee."

Jua lilikuwa limewaka. Kufika katikati ya shamba, jasho limejaa kwa viatu na naona nyota mchana. Nikavua koti. Nikavua sweta ya kwanza. Ya pili.

Shangazi, safu ya pili kutoka kwangu, akaacha kuchuma.

"Moraa! Kuja haraka, bwana yako anaisha!"

Shamba lote likacheka. Nikavua ya tatu. "Shangazi, ni mimi yule wa picha."

Nikashika kikapu, nikaendelea kuchuma. Sasa, mikono yangu hufika katikati ya mti wa majani bila kuegemea matawi. Kikapu changu kikajaa kabla ya cha Baba Moraa.

Shangazi aliitazama hiyo mikono kwa muda. "Mikono tumekubali," akasema. "Shingo tutailisha."

Funzo, wakuu: mwili wa kuazima haufiki saa sita mchana.

Sasa kuna jambo. Jumamosi Moraa anakuja kwetu, na mama ameona picha yake, ameshauliza kwa nini msichana ni mfupi. Jana nilimpata Moraa akijaribu viatu vya kisigino kirefu, na njia ya Boito ni matope matupu.

Nishaurini. Nitamkatazaje, na masweta yangu bado yako kwa kamba yakikauka?