Profesa na Panya Asiyejua Hesabu

Profesa aliwachoka wanafizikia wenzake, au wao ndio waliomchoka, akahamia kwenye utafiti wa ubongo kama mpangaji anayehama bila kufagia. Pale Minnesota, Marekani, katika maabara ya panya, hakuna aliyewahi kumwona na glavu. Vidole vyake ni vyeupe kwa chaki, na kabla ya kusema hukohoa kidogo, kama redio inayotafuta stesheni: "Ubongo ni jambo jepesi, jamani." Ana hesabu moja tu, inayotabiri panya ataelekea wapi. Seli za ubongo zinazoikataa anaziita kelele, anazifuta, kisha anachukua donati ya mwisho bila kuuliza ni ya nani.

Annika, mwanafunzi wake wa mwaka wa sita, hangehitimu mpaka panya waikubali hesabu hiyo, na panya walikuwa hawataki. "Panya wako ni wavivu, binti," Profesa alimwambia. Basi Annika akamwekea mmoja mbele ya macho yake, kwenye njia panda ya mbao. Profesa akaegemeza mkono ukingoni, akatangaza, "Kushoto." Panya hakwenda kushoto wala kulia. Alipanda mkono ule, akazama ndani ya shati.

"Anakwenda wapi huyu?" Profesa alipiga yowe, tayari yuko juu ya kiti.

"Si una hesabu, Profesa?"

"Mtoe! Utahitimu, binti, utahitimu mwaka huu huu, ila mtoe!"

Annika hakuwa na haraka. Aliwageukia wenzake waliokuwa wamejishika mbavu. "Jamani, mmesikia wote?"