Fomu Ishirini za Timbwani

Chuo chetu kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbao, Frere Town, na mwalimu alikuwa mmoja kwa masomo yote matatu. Jumatatu alitufundisha misingi ya sayansi ya jamii, Jumatano kuhutubia hadhira, Alhamisi Kihispania. Mimi nilijiandikisha kwa ajili ya Kihispania tu. Kwetu Likoni, kila kijana aliyetaka kazi ya hoteli za Diani alikwisha kujua Kijerumani cha kuuzia vinyago. Kihispania hakikuwa na watu, nikaona hapo ndipo nitakapopenya. Hayo mengine mawili niliyachukua kwa kuwa cheti kilikuwa kimoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wameanza kudai vyama vingi, na mtu akitaka kuitaja serikali hutazama kwanza nani ameketi nyuma yake. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mpole wa sauti. Alituambia Kihispania alikisomea ng'ambo.

"Ng'ambo wapi, mwalimu?" nikamuuliza siku ya kwanza.

Akanitazama kidogo, kisha akageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu. "Mbali," akasema.

Tangu siku hiyo sikumwamini.

Mwezi wa pili akatupa kazi ya sayansi ya jamii. Kila mwanafunzi achukue fomu ishirini, apite nyumba ishirini za mtaani kwake, aulize: mwakaa wangapi, mlitoka wapi, nani mwenye kauli katika nyumba. Swali la mwisho lilikuwa: ardhi hii ni ya nani, na je, mna karatasi ya kuthibitisha?

Mama alizisoma fomu zile akiwa anapepeta mchele. "Karatasi hizi zaenda wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Na kwa mwalimu zaenda wapi?"

Nikazichukua fomu zangu. Nikatoka hivyo hivyo.

Nilianza kwa bibi aliyekaa nyuma ya nyumba yetu, kwa sababu alinilea kama mjukuu wake. Nilimkuta uani akisuka makuti. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akanijibu maswali ya kwanza yote huku vidole vinakwenda. Nilipofika swali la ardhi, vidole vikasimama.

"Umetumwa na nani?"

"Ni masomo tu, bibi. Wallahi ni masomo."

"Wa kwanza nao walisema ni masomo," akasema. "Walikuja na kalamu, wapole kama wewe. Mwezi haukwisha, wakarudi na vigingi. Minazi yangu sita iko upande wa pili wa vigingi hivyo mpaka leo."

Akakusanya makuti yake, akaingia ndani, akafunga mlango, jua likiwa utosini.

Kufikia alasiri mtaa wetu mzima wa Timbwani ulikuwa na habari. Nyumba nyingine hawakunifungulia. Mzee mmoja aliniambia anaishi peke yake, na nyuma yake nilikuwa nahesabu vichwa saba vya watoto dirishani. Nikaandika mmoja, kama alivyosema. Nilipomaliza fomu ya ishirini, watu niliokulia mikononi mwao walikuwa wakinyamaza nikipita.

Mwalimu alizipokea fomu zetu, akazitia katika kabati la chuma, akafunga, akatia ufunguo mfukoni.

Jumatatu iliyofuata niliwahi mapema. Kwenye ngazi nikapishana na mwanamume mnene aliyevaa kaunda suti, anashuka na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Mwalimu alikuwa juu ya ngazi akimsindikiza kwa macho. Mgeni yule hakunisalimu. Moyo wangu ukaniambia: ndizo hizo, zinakwenda.

Nikamnong'oneza mwenzangu mmoja, binti wa mtaa wa Junda niliyekuwa nikiketi naye. Naye kumbe alikuwa na yake. Kwao Junda, baba yake alizichana fomu mbili akazitupa chooni. "Mwalimu gani huyu asiyesema alikosoma?" akaniuliza. Mpaka jioni darasa zima lilikuwa limeambiana. Mtu mmoja tu hatukumwambia, mwanamume wa makamo aliyeketi nyuma kabisa. Viatu vyake vilikuwa vikimetameta daima, na kila zamu yake ya kuhutubu ilipofika alidai koo linamuuma.

Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kuhutubu. Mada yangu ilikuwa mtu ninayemheshimu. Nilisimama mbele, nikaikunja karatasi yangu.

"Namheshimu bibi jirani yangu," nikasema, "na sasa amenifungia mlango. Nilimuuliza kuhusu ardhi yake, na sijui majibu yake yamepelekwa wapi. Mwalimu, ninataka fomu zangu. Zikiwa hazimo kabatini, tuambie umempa nani."

Niliisikia misumeno ya chini dukani. Mwalimu aliinuka polepole, akafungua kabati, akaweka rundo mezani. Zilikuwamo zote. Nikaivuta ya kwanza: sehemu ya juu, palipoandikwa jina na nyumba, ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Ya pili vile vile. Zote.

"Majina niliyachoma siku ile ile mlipoyaleta," akasema. "Sasa likateni pia swali la ardhi. Lilikuwa kosa langu. Mimi si mtu wa hapa, sikujua uzito wake."

"Na yule mwenye bahasha?"

"Mpiga chapa. Alichukua mtihani wenu."

Uso ukaniwaka. Lakini nilikwisha kuanza, nikamaliza: "Kwa nini hukutuambia mapema?"

"Kwa sababu niliambiwa katika darasa hili kuna mtu anayepeleka maneno yangu mahali," akajibu. "Aliyeniuliza nilikosoma ni wewe peke yako. Nilidhani ni wewe."

Sikujua nicheke au nilie. Muda wote huo tulikuwa tukiviziana, mimi na yeye, huku tunafundishana kuulizana hali kwa Kihispania. Nilipogeuka kurudi mahali pangu, niliona mwanamume wa viatu vya kumetameta ameinamia daftari, anaandika upesi. Hakuna neno la somo lililokuwa ubaoni. Jumatatu hakuja, wala hakuonekana tena, na hapana aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Fomu ya bibi niliitambua kwa majibu yake. Nikampelekea mwenyewe.

Aliigeuza huku na huku, kusoma hakujua. "Na nakala nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine, bibi."

"Hao huwa na nyingine," akasema, akaitia motoni chini ya sufuria.

Mtihani niliupita, na msimu uliofuata nikapata kazi ya mapokezi hotelini. Wageni wa Hispania walinielewa, ingawa walicheka matamshi yangu. Bibi alinirudia kidogo kidogo. Baada ya mfungo aliniita nimsomee barua ya mwanawe aliyekuwa Tanga. Aliniketisha ubavuni mwake, akaitikia "Alhamdulillahi" kwa kila salamu, lakini ncha moja ya barua ile aliishika yeye mpaka nilipomaliza kusoma.