Filamu Zangu Nne za Miaka ya Tisini na Ndugu Watano Wenye Kovu Moja

Kwa miaka mingi niliamini kwamba yule mwigizaji wa filamu zetu, mwenye kovu shavuni, alikuwa mmoja wa ndugu watano waliozaliwa siku moja, wote na kovu palepale. Kinyozi mmoja wa Kamembe ndiye aliyeniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, na katika hali hiyo mtu habishani. Kila filamu, alisema, inachezwa na ndugu mmoja. Akichoka anaingia mwingine.

"Na koti?" nikauliza, maana lilikuwa jeupe lilelile kila mara.

"Banaazimana. Weye na kaka yako hamuazimane?"

Tulikuwa tunaazimana hata viatu. Nikaridhika.

Juu ya imani hiyo nilijenga orodha yangu ya filamu bora za miaka ya tisini, nikaisoma mbele ya darasa letu la jioni, watu wazima watupu, wakanipigia makofi yaliyosikika mpaka Nzahaha.

Tulizitazama Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa mabati wenye televisheni moja na watu elfu tatu, au tuseme sitini. Kaseti zilitoka Bukavu, ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo. Kando ya televisheni alisimama mtafsiri na fimbo yake, akitugeuzia maneno ya wageni yawe Kiswahili chetu. Vita vilipowaka tena ng'ambo, daraja likafungwa, lakini ukumbi haukukosa filamu mpya. Nilidhani kaseti zinaogelea.

Ya nne kwenye orodha ni ile ya jambazi aliyeiba treni nzima, na mabehewa yake, kama mtu anavyoiba mbuzi. Ya tatu naipandisha kwa ajili ya huruma: ndugu wa pili alikuwa daktari, anapeleka dawa kwa treni kwenye mji wenye kipindupindu. Ya pili ilitugombanisha mpaka nyumbani. Watu wawili wamerudi kutoka uhamishoni, wanapigania shamba la ndizi la baba yao. Ndizi zenyewe hatukuziona, tuliona treni tu, lakini mtafsiri alituhakikishia kwamba shamba liko nyuma ya kile kilima.

Ya kwanza haina mpinzani. Mama mwenye kitambaa chekundu anakimbia sokoni, na kijana mwenye kovu anamfuata akipiga kelele. Mtafsiri alishusha fimbo, sauti ikabadilika: "Mama! Ni mimi, mutoto wako! Nimevuka, nimerudi!" Ukumbi ulilia machozi ya kujaza ziwa Kivu. Na hapo hapo, mama hajageuka, jenereta likazima.

Kwenye benchi langu aliketi maman mmoja wa Nyakarenzo. Mwanawe alivuka na wakimbizi kwenda ng'ambo, hakuleta habari tena. Yeye hakulia. Aliniuliza tu, "Anamukimbia mutoto wake kwa nini?"

"Hajamujua bado," nikajibu, kana kwamba filamu niliitunga mimi.

Miaka ikapita, miguu ikamkatalia yule maman. Nilipokwenda kumjulia hali akanishika mkono. "Papa, unitafutie ile filamu. Ninataka kujua kama yule mama alisimama."

Nikaahidi. Daraja lilikuwa wazi, nikazunguka Bukavu siku tatu, kila muuza kaseti nikimweleza habari za ndugu watano. Walinitazama kama mgonjwa. Mwisho nikamwendea mtafsiri mwenyewe, ambaye siku hizo alikuwa anatengeneza redio pale Kamembe.

"Mzee, yule mama wa kitambaa chekundu alisimama?"

"Nani anauliza?"

"Maman wa Nyakarenzo. Yule wa benchi la mbele."

Akaweka bisibisi chini. Nikamtajia orodha yangu, kutoka ya nne mpaka ya kwanza, na ndugu wote watano, nikidhani namsaidia kukumbuka. Hakucheka.

"Papa, hakuna bandugu. Ni muntu mumoja, na kaseti ni moja. Daraja lilifungwa, hatukukuwa na ingine, basi kila Jumapili nilianzia mahali pengine, nikatunga. Yule kijana ni polisi. Yule mama aliiba sokoni. Alisimama, ndiyo. Alisimama kwa sababu polisi alimukamata."